Jeanne d'Arc wa filamu na Jeanne d'Arc wa kumbukumbu: upanga, deraya na bendera

Swali la msomaji: "Nimeangalia filamu ya Luc Besson ya mwaka 1999 kuhusu Jeanne d'Arc, ile aliyoigiza Milla Jovovich. Dada yake anauawa na askari wa Kiingereza, upanga anauokota kondeni, kisha anavaa chuma mwili mzima na kuingia vitani. Kipi kati ya hayo kilitokea? Binti wa miaka 17 aliwezaje kubeba chuma chote kile, akapigwa mshale na bado akarudi kupigana? Na ni kweli alichomwa moto kwa sababu ya kuvaa suruali?"

Jibu

Ndugu msomaji, nianze na dada, maana hapo ndipo filamu inapoipindisha habari nzima. Jeanne, binti wa Kifaransa wa karne ya 15 aliyepigana na Waingereza waliokuwa wameivamia Ufaransa, na ambaye Wakatoliki wetu wanamjua kama Mtakatifu Yoana wa Arc, alikuwa kweli na dada aitwaye Catherine, na Catherine alifariki kabla Jeanne hajaondoka nyumbani. Lakini majirani na wazee wa kijiji chao, Domrémy, walipohojiwa chini ya kiapo mwaka 1456, walikumbuka hata mti ambao watoto walikwenda kucheza na kula mikate chini yake, na hakuna aliyetaja binti kuuawa na askari. Tena waliokuwa wakilisumbua eneo lile hawakuwa Waingereza, bali wafuasi wa mtawala wa Bourgogne, Wafaransa waliofungamana na Uingereza. Julai 1428 wanakijiji waliswaga mifugo yao hadi mji wa Neufchâteau, wakakaa huko kama wiki mbili, wakarudi na kukuta kijiji kimechomwa. Hiyo ndiyo hasara iliyoandikwa.

Ninalikazania jambo hili kwa sababu kisa cha dada kinamgeuza Jeanne kuwa mlipiza kisasi, na kumbukumbu zinamwonyesha mtu mwingine kabisa. Kabla hajafika Orléans, mji uliokuwa umezingirwa na Waingereza, alituma barua, ya tarehe 22 Machi 1429, akiwataka Waingereza waondoke Ufaransa kwa amani wasije wakapata madhara. Louis de Coutes, kijana aliyemtumikia, alieleza jinsi Jeanne alivyoshuka kwenye farasi kwa ajili ya mateka Mwingereza aliyepigwa kichwani na Mfaransa aliyekuwa akimwongoza, akahakikisha ameungama, akamshika kichwa na kumfariji. Padre wake wa maungamo, Jean Pasquerel, alisema Jeanne alimlilia William Glasdale, kapteni Mwingereza aliyekuwa amemtukana waziwazi. Mwigizaji akipewa kisasi kama chanzo cha kila anachofanya, machozi hayo yanabaki bila maelezo.

Haya yote yamo katika majalada mawili ya mahakama: kesi ya mji wa Rouen ya mwaka 1431, iliyomhukumu, ambamo majibu yake mwenyewe yaliandikwa siku kwa siku, na kesi ya kuibatilisha hukumu hiyo ya 1455 hadi 1456, ambamo walihojiwa mashahidi zaidi ya 100. Ni wachache sana katika karne ile, hata miongoni mwa wafalme, tunaowajua kwa undani kama binti huyu wa mkulima ambaye alisema mbele ya wanazuoni kwamba hajui A wala B.

Sasa upanga. Haukuokotwa kondeni. Akiwa mji wa Tours, alituma barua kwa mapadre wa kanisa la Sainte-Catherine-de-Fierbois akiomba upanga uliofukiwa karibu na altare. Ulichimbuliwa, umeota kutu, una misalaba mitano. Walipousugua kutu ikatoka kirahisi. Akapewa ala mbili za fahari, moja ya mahameli nyekundu na moja ya kitambaa cha dhahabu. Yeye akaagiza ya tatu, ya ngozi ngumu. Hapo unaona mtu anayejua kazi iliyo mbele yake: mahameli hulowa mvua na kuuozesha upanga ndani yake, ngozi ngumu hustahimili. Baadaye, mjini Compiègne, alibeba upanga mwingine uliotekwa kwa askari wa Bourgogne, akausifu kwamba ni mzuri kwa vita, unafaa kwa kutoa mapigo ya nguvu. Lakini alipoulizwa na majaji anapenda nini zaidi, upanga au bendera, alijibu kwamba bendera aliipenda mara 40 kuliko upanga, na kwamba aliibeba mwenyewe aendapo kushambulia ili asimwue mtu. Akaongeza kuwa hakuwahi kuua mtu yeyote.

Mkono wenye bendera ndefu hauna nafasi ya kuzungusha upanga. Jeanne halisi, katika sehemu kubwa ya vita, alikuwa mshika bendera aliyesimama mahali pa hatari kuliko wote, na kazi hiyo ilikuwa na uzito wake wa kijeshi. Katika moshi na kelele askari hasikii amri, anaitazama bendera. Ikisonga, anasonga, ikirudi nyuma, anakimbia. Mchoraji Hauves Poulnoir wa Tours alilipwa livre 25 (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa kitambaa na kazi ya kuchora bendera kubwa na ndogo. Ile kubwa ilikuwa ya kitambaa cheupe chenye pindo za hariri, imetapakaa maua ya yungi, katikati Mungu ameshika ulimwengu na malaika wawili pembeni, pamoja na majina Yesu na Maria.

Tuje kwenye chuma. Hesabu za mweka hazina wa vita wa mfalme zinaonyesha malipo ya livre 100 kwa mhunzi wa Tours kwa deraya kamili, yaani vazi la chuma la vita, ya Jeanne, mwaka 1429. Deraya kamili ya wakati ule ilikuwa na kilo 20 hadi 25. Kina mama na mabinti wetu wanaotwishwa ndoo ya lita 20 wanaujua uzito huo vizuri, na ndoo yote iko kichwani. Deraya imegawanywa: miguu inabeba vipande vya miguu, mikono vyake, na mzigo mkubwa unakaa kiunoni na mabegani. Mtu aliyezoea anapanda farasi, anapiga magoti na kusimama bila kusaidiwa. Zile picha za shujaa anayenyanyuliwa kwa winchi hadi juu ya farasi ni uzushi.

Kinachomshinda mtu ni kuivaa vibaya. Unaanza chini kwenda juu, kwa sababu kifua kikishafungwa huwezi tena kuinama kukaza kamba za goti. Kwanza shati la kitani na suruali za kubana. Juu yake koti fupi lenye tabaka za kitambaa zilizoshonewa pamoja, limebana kiunoni, lina vipande vya pete za chuma kwapani na kwenye kiwiko, na kamba zilizopakwa nta ili fundo lisilegee. Kisha viatu vya chuma na miguu hadi paja, halafu sketi ya pete za chuma, kifua na mgongo, mikono, kinga ya shingo, kofia, na mwisho glavu za chuma, kwani ukishazivaa huwezi kufunga kitu kingine. Kwa msaidizi hodari ni kazi ya robo saa hadi nusu saa.

Makosa huanzia kwenye lile koti. Likipwaya kiunoni, uzito wa miguu unahamia mabegani, na baada ya saa moja mtu anashindwa kuinua mkono. Kamba za paja zikilegea, chuma kinateremka na kukaa juu ya kifundo cha mguu, hatua zinakuwa fupi na ngozi inachubuka. Kifua cha chuma kikiwa kirefu kupita kiuno, ukikaa kwenye tandiko kinasukumwa juu hadi kidevuni. Ndiyo maana deraya halisi inaishia pale mwili unapojikunja, na ndiyo maana deraya ya kuazima ni adhabu. Filamu nyingi humtengenezea shujaa wa kike kifua cha chuma chenye umbo la matiti. Fundi wa Tours asingefanya hivyo. Kifua cha chuma kimebinuka kama kuba na kuachana na mwili, hivyo nafasi ipo. Na bonde katikati ya vilima viwili lingeikusanya ncha ya mkuki na kuipeleka moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua, wakati kazi ya mbinuko ni kuitelezesha pembeni.

Kumbukumbu zinataja tabu aliyoipata Jeanne mwenyewe. Louis de Coutes alisema kwamba walipoondoka Blois kwenda Orléans, Jeanne alilala usiku kucha na deraya, akaamka ameumia mwili. Chuma kikikandamiza nyama mahali pamoja kwa saa nyingi, damu haipiti. Kosa la mgeni wa kazi hilo, na halirudiwi.

Kuhusu kukata watu: upanga hauikati deraya. Sahani ya chuma yenye unene wa milimita moja na nusu hadi mbili, iliyobinuliwa, inaurudisha makali. Ukiona kwenye filamu upanga unapasua kifua cha chuma kama papai, jua hapo wameacha historia. Waliopigana na watu wa deraya walitumia nyundo, shoka la mpini mrefu, au walishika upanga katikati kwa mkono wa pili na kuichomeka ncha kwenye mianya: kwapa, kinena, nyuma ya goti, shingo. Majeraha ya Jeanne yenyewe yanaonyesha mianya ilipokuwa. Tarehe 6 Mei 1429 alikanyaga mwiba wa chuma uliotegwa chini. Tarehe 7 Mei mshale ulimwingia kati ya shingo na bega. Tarehe 8 Septemba, Paris, mshale mfupi wa upinde wa mtambo ulimpata pajani. Jiwe lililompiga kichwani kwenye mji wa Jargeau tarehe 12 Juni lilikuta kofia ya chuma; likavunjika, naye akaanguka, akasimama tena. Nalitaja hili kwa sababu waongozaji huwavua mashujaa kofia ili sura ya mwigizaji ionekane, na kofia ndicho kipande cha mwisho ambacho mtu wa vita angekiacha.

Swali lako la mshale linatupeleka Orléans, na hapa sitafanya haraka, kwa sababu siku hiyo ndiyo yenye mafunzo mengi. Mji ulikuwa umezingirwa tangu Oktoba 1428, lakini Waingereza hawakutosha kuuzunguka wote. Upande wa mashariki walikuwa na ngome moja tu, Saint-Loup, na kupitia huko Jeanne aliingia na msafara wa chakula tarehe 29 Aprili. Saint-Loup ikatekwa tarehe 4 Mei. Kusini mwa mto Loire, mwishoni mwa daraja, ilisimama ngome ya Tourelles, minara miwili yenye boma la udongo na miti mbele yake na handaki kuzunguka. Tao la daraja upande wa mjini lilikuwa limebomolewa, hivyo Wafaransa walivuka mto, wakateka kituo cha Augustins tarehe 6, wakalala pale, na asubuhi ya tarehe 7 wakaanza kulishambulia boma.

Silaha ilikuwa ngazi, na ngazi huua wanaozipanda. Ikiwa fupi, mtu anafika juu mikono ikiwa mitupu. Ikipita ukuta sana, aliye juu anapata pa kuishika na kuisukuma. Kitako chake kisipokaa mbali na ukuta kiasi cha robo ya urefu wake, inapinduka au inavunjika katikati. Na kwenye handaki lenye matope kinateleza, hivyo ni lazima kwanza matita ya matawi yatupwe kujaza shimo. Hilo ndilo lililoliharibu shambulio la Paris miezi minne baadaye. Maji ya handaki yalikuwa na kina kuliko walivyodhani, matita hayakutosha, na Jeanne alikuwa akipima kina kwa mpini wa mkuki alipopigwa pajani.

Kwenye boma la Tourelles alisema yeye ndiye wa kwanza kusimamisha ngazi. Mshale ukampata. Kwa ushahidi wa Jean Dunois, aliyeongoza ulinzi wa mji, uliingia kiasi cha nusu futi. Alilia na kuogopa. Pasquerel hakulificha hilo. Askari wakataka kumwekea kago la uganga, akakataa. Jeraha likapakwa mafuta ya mzeituni na mafuta ya nguruwe, tiba ya kawaida ya wakati ule. Mafuta huzuia kitambaa kugandamana na nyama, ila hayazuii usaha wala homa, kwa hiyo kupona kwake ndani ya siku 15, kama alivyosema mwenyewe, kulikuwa ni rehema. Hakungoja kesho yake arudi vitani. Alirudi jioni ileile.

Jinsi ushindi ulivyopatikana ni tukio ambalo ningetamani mwongozaji yeyote angelichukua kama lilivyo. Giza lilikaribia, Dunois akataka jeshi lirudi mjini. Jeanne akamwomba asubiri, akaenda peke yake kwenye shamba la mizabibu, akasali nusu ya robo saa. Wakati huo Jean d'Aulon, msimamizi wa silaha zake, aliona aliyeshika bendera amechoka na ameikabidhi kwa askari Mbaski. D'Aulon alifikiri kwamba bendera ikisogea askari watasogea. Akamwuliza yule Mbaski kama atamfuata hadi mguuni pa boma, akaruka handakini akijikinga na mawe, na Mbaski akafuata. Jeanne akarudi, akaona bendera yake mikononi mwa mtu asiyemjua, akaidaka ncha ya kitambaa akivuta. Bendera ikatikisika kwa nguvu. Jeshi lote likadhani ni ishara ya kushambulia! Mbaski akaipokonya, akamfikia d'Aulon, na watu wakalivamia boma kwa ukali ambao haukuwa umeonekana siku nzima.

Upande wa pili, watu wa mjini walilaza mti juu ya tao lililobomolewa; ukapelea kidogo, fundi seremala akauongezea kipande. Wakavuka juu yake mmoja mmoja. Chini ya daraja la mbao lililounganisha boma na minara ilisukumwa mashua yenye moto, daraja likakatika, Glasdale na wenzake wakatumbukia mtoni na deraya zao. Hapa ndipo uzito wa chuma unapoua kweli: nchi kavu kilo 20 si kitu, ndani ya maji marefu hakuna anayezivua kwa wakati. Asubuhi ya tarehe 8 Waingereza walijipanga uwanjani. Jeanne akawazuia Wafaransa wasianze mapigano kwa kuwa ilikuwa Jumapili, na Waingereza wakaondoka. Siku tisa tangu alipoingia.

Je, aliongoza jeshi? Mwanzoni makapteni walimficha mipango. Tarehe 5 Mei walifanya kikao bila yeye, akakasirika. Lakini mtawala wa Alençon, aliyekuwa kamanda kuanzia Jargeau, alishuhudia kwamba katika mambo mengine alikuwa binti wa kawaida, ila vitani alikuwa stadi wa mkuki, wa kupanga jeshi, na hasa wa kuweka mizinga, kiasi kwamba watu walimstaajabia kama kapteni mwenye uzoefu wa miaka 20 au 30. Filamu humpa upanga, ilhali wapiganaji wenzake walimsifia mizinga. Kuweka mzinga ni kuona ukuta dhaifu uko wapi, pembe ipi risasi ya jiwe italigonga jiwe la ukuta bila kuteleza, na mzinga wa adui unaweza kufika wapi. Jargeau alimwambia Alençon asogee alipokuwa amesimama kwani mtambo wa ukutani ungemwua. Akasogea, na muda mfupi baadaye mtu mwingine akauawa palepale.

Mwisho, suruali. Ndiyo, ila si kwa wepesi huo. Mzushi aliyetubu hakuchomwa. Aliyetubu kisha akarudia ndiye aliyekabidhiwa kwa serikali na kuchomwa. Tarehe 24 Mei 1431, mbele ya kuni na mnyongaji, Jeanne, wakati huo mfungwa wa Waingereza aliyeshtakiwa kwa uzushi, alitia alama kwenye hati ya kukana na kukubali gauni. Alitegemea kupelekwa kwenye jela ya Kanisa, kati ya wanawake. Askofu Pierre Cauchon, jaji mkuu wa kesi yake, akamrudisha kwenye pingu za ngome, akilindwa na askari wanaume wa Kiingereza. Tarehe 28 akakutwa na nguo za kiume. Alieleza kwamba zilifaa zaidi akiwa kati ya wanaume, na kwamba ahadi alizopewa, kusikiliza misa, kupokea Komunyo na kufunguliwa pingu, hazikutimizwa. Mashahidi wa kesi ya pili waliongeza kwamba alishambuliwa kule jela.

Mashtaka yenyewe yanaonyesha nguo zile zilivyomlinda: suruali ndefu zilizoungana, zimefungwa kwenye koti kwa kamba 20. Kuzifungua ni kazi ya dakika kadhaa na mikono miwili, wakati gauni linapandishwa mara moja. Wanazuoni waliomhoji Poitiers kwa majuma matatu mwaka 1429 walimwona na nguo za kiume na bado wakamruhusu aende vitani. Cauchon alihitaji kosa la kurudia, na nguo ndizo zilizompa. Tarehe 30 Mei Jeanne akachomwa kwenye soko la Rouen. Mwaka 1455 mama yake, Isabelle, alifikisha malalamiko rasmi Notre-Dame ya Paris, na tarehe 7 Julai 1456 hukumu ile ikatangazwa batili mjini Rouen.